Ngome ikigeuzwa hoteli, nani atalala ndani?

KILA utalii wa West Nile unapojadiliwa, iwe katika ukumbi wa mikutano mjini Arua au chini ya mwembe hapa Koboko, hakosekani mtu wa kupendekeza kwamba ngome kuukuu ya Dufile, kule Moyo kando ya Mto Nile, igeuzwe hoteli. Wageni watakuja, watalala, watalipa dola, na vijana watapata kazi. Pendekezo hilo lina mvuto wake na wanaolitoa hawana nia mbaya. Lakini lina tatizo moja ambalo mtu aliyefika Dufile ataliona upesi kuliko aliyeisoma kwenye vipeperushi: hakuna nyumba ya kugeuza.

Dufile ni udongo. Kilichobaki ni handaki na tuta vinavyozunguka uwanja mpana, upande mmoja ukiwa wazi kuelekea mtoni. Ilianzishwa katika miaka ya 1870, wakati Charles Gordon alipokuwa akitawala jimbo la Ikweta kwa niaba ya Khedive wa Misri, na sababu yake ni ile ambayo kila mchuuzi wa mpakani anaielewa: hapo ndipo mzigo unapobadilishwa. Karibu na Nimule Nile inaingia kwenye maporomoko na chombo hakipiti. Kwa hiyo meli mbili za mvuke, Khedive na Nyanza, zilibebwa vipande vipande na kuunganishwa Dufile, ndipo zikaweza kupanda hadi Ziwa Albert. Waliobeba vipande hivyo vichwani hawakuandikwa majina yao popote.

Baadaye alikuja Emin Pasha, daktari wa Kijerumani aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer. Agosti 1888 askari wake mwenyewe waliasi wakamfungia Dufile pamoja na Mwingereza A. J. Mounteney Jephson, ambaye Stanley alimtuma kumwokoa. Gavana akawa mfungwa ndani ya ngome yake! Novemba mwaka huohuo majeshi ya Mahdi yakaishambulia, yakarudishwa nyuma, kisha askari wakaihama. Wabelgiji wakarudi kuikalia kati ya 1902 na 1907, wakati sehemu hii ilipokuwa Eneo la Lado lililokodishwa kwa Mfalme Leopold. Sisi tuliingizwa Uganda mwaka 1914.

Askari wa Emin hawakuyeyuka. Wengi walibaki na Selim Bey, na mwaka 1891 Kapteni Lugard akawachukua kutoka kwa Kavalli, kusini-magharibi mwa Ziwa Albert, akawafanya kuwa jeshi lake. Wanubi wa Bombo, wa Arua, wa Koboko, hata wa Kibera kule Nairobi, wana mizizi huko. Kwa hiyo tunapozungumzia kukodisha vyumba Dufile, baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu wanazungumziwa mahali walipolala babu zao wakiwa zamu.

Je, ngome inaweza kuwa hoteli njema? Inaweza. Ushahidi wa karibu uko Mikindani, mji mdogo wa Waswahili karibu na Mtwara, kusini mwa Tanzania. Wajerumani walijenga boma lao huko mwaka 1895, juu ya kilima kinachotazama ghuba. Ukoloni ukapita, jengo likachakaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid likalichukua, likalikarabati na kulifanya hoteli ya vyumba vichache, kwa kusudi la kuwafundisha vijana wa pale kazi ya hoteli na kuamsha uchumi wa mji.

Nililala humo usiku mmoja, nilipokwenda kusini kwa mafunzo ya walimu wa Kiswahili. Sitaficha kwamba ulikuwa usiku mzuri. Kuta ni nene kiasi kwamba joto la pwani linabaki nje likingoja asubuhi, na ukifungua dirisha unaona mapaa ya mji na maji ya ghuba nyuma yake. Adhana ya alfajiri ilipanda kutoka bondeni. Nilimwuliza kijana aliyenibebea begi ni sehemu gani walikokuwa wakiwekwa wafungwa. Akacheka, akaniambia kwamba wageni wengi huuliza bwawa la kuogelea liko wapi.

Jibu lake halikuwa na ubaya, nami nililipenda kwa sababu lilikuwa la kweli. Lakini mwalimu wa historia hawezi kulala kwenye jengo la 1895 akasahau kwamba mwaka huohuo, huko Kilwa, Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya kwa kuwapinga. Boma halikujengwa kwa ajili ya upepo wa bahari. Lilijengwa juu ili walio chini waonekane. Mgeni anayelipa ana haki ya kupumzika, ndiyo, lakini ana haki pia ya kuambiwa amelala wapi, na mwenyeji ana haki kubwa zaidi ya kuwa ndiye anayemwambia.

Wahispania walilitambua jambo hili mapema kwa namna yao. Tangu mwaka 1928 serikali yao ina hoteli ziitwazo Paradores, na nyingi zimewekwa ndani ya makasri na nyumba za watawa zilizokuwa zikibomoka. Ile ya Alarcón, kwa mfano, ni ngome kamili. Ninachotaka tukione hapo ni mmiliki: kasri limebaki mali ya umma, na pesa ya kitanda inasaidia kuzuia paa lisianguke. Hakuna tajiri aliyepewa ngome mfukoni kwa kuahidi ajira ishirini za kufagia.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu Uganda nayo ina majengo ya namna hii. Nile Mansions ya Kampala ilipokea wakuu wa nchi katika mkutano wa OAU wa mwaka 1975. Katika utawala wa Amin, na tena katika utawala wa pili wa Obote, vyumba vyake vikapata sifa ambayo wazee wa Kampala hawapendi kuisimulia mbele ya watoto. Baada ya ukarabati mkubwa ilifunguliwa mwaka 2006 kwa jina la Kampala Serena, na mwaka uliofuata ikapokea wageni wa mkutano wa Jumuiya ya Madola. Bustani zake ni nzuri, maji yanatiririka. Ni hoteli ya fahari na sina ugomvi na wanaoiendesha. Swali langu ni kwa taifa: ni nani aliyekaa na familia za watu walioteseka mle kabla ya mazulia mapya kutandikwa, akawauliza wangependa nini kiandikwe mlangoni?

Sisi wa West Nile tunalijua swali hilo kutoka pande zote mbili. Wapo wanaosema kwamba jina la Idi Amin peke yake lingejaza vyumba vya Koboko mwaka mzima. Pengine ni kweli, watu hupenda kutishwa wakiwa na uhakika wa chai ya asubuhi. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda yalionyesha picha za zama zake ambazo umma ulikuwa haujawahi kuziona, na waliokwenda walikuta yote pamoja, sherehe na mateso. Nasi tukitaka kumpangisha mgeni chumba kwa jina hilo, itabidi tumwambie habari za waliouawa Kampala kati ya 1971 na 1979, tena bila kumung'unya maneno. Kisha tumpeleke Ombaci, nje kidogo ya Arua, ambako tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliwaua raia waliokimbilia misheni ya Wakatoliki. Hao walikuwa wamekwenda kutafuta mahali pa kulala palipo na ukuta.

Sisi tuliosomeshwa ng'ambo ya mpaka, wengine Aru na Ariwara, wengine Yei, tulikua tukisikia neno kulala likiwa na maana nyingi. Mtu alilala shuleni, alilala kanisani, alilala chini ya turubai, alilala njiani. Hadi leo wachuuzi wa Oraba na Kaya wanalala juu ya magunia yao ili yasitembee usiku. Loji ya mpakani yenye chandarua kisicho na tundu na mlango unaofunga kwa ndani ni neema. Ndiyo maana baadhi ya watu wetu huguna wakisikia mgeni atalipa fedha nyingi alale ndani ya ngome ya vita kwa hiari yake. Si wivu. Wanajaribu tu kuielewa bei.

Na hapa Arua kuna kichekesho ambacho lazima nikiseme. Mji una hoteli iitwayo White Castle, yaani kasri jeupe, jina zuri la kibiashara. Lakini jina la mji wenyewe, kwa maelezo yanayosikika sana, linatokana na neno la Kilugbara lenye maana ya gereza, kwa sababu ya mahabusu ya mkoloni iliyokuwa mlimani. Kama ni hivyo, basi kila anayelala Arua amelala katika gereza lililogeuzwa, na hajatozwa zaidi kwa sababu hiyo.

Turudi Dufile. Mikindani kulikuwa na mawe ya kukarabati. Dufile mawe hayo hayapo, na hoteli ndani ya handaki ina maana ya kuleta katapila, kusawazisha tuta na kuchimba mashimo ya choo mahali ambapo wataalamu wa mambo ya kale, wakiongozwa na Profesa Merrick Posnansky, walichimba mwaka 2006 na 2007 kwa uangalifu mkubwa. Katapila likifanya kazi asubuhi moja, kazi yao na yote ambayo hawakuyafikia yatakuwa yamekwisha. Halafu tutajenga ukuta wa saruji wenye meno kama kasri la kwenye sinema na kuuita ngome, na wageni watapiga picha mbele ya kitu ambacho Emin hakukijua.

Kwa maoni yetu hoteli, ikihitajika, ikae nje ya handaki. Laropi pana kivuko, pana soko, pana samaki. Mgeni anaweza kulala hapo katika nyumba safi, akapelekwa Dufile asubuhi kabla jua halijawa kali, na kijana wa Moyo anayeijua historia kwa Kimadi, Kiswahili na Kiingereza. Fedha ya kitanda itaingia Laropi, fedha ya kiongozi itabaki Dufile, na tuta litabaki tuta. Kama tunataka kabisa mgeni alale ndani ya kuta za zamani, tutazame majengo ya serikali yaliyobaki kutoka enzi ya wakoloni, yale ambayo leo ni stoo za viti vilivyovunjika. Hayo yana paa la kukarabati.

Jambo zito kuliko yote ni ardhi. Msomaji aliyerudi kutoka uhamishoni hahitaji kufundishwa hili. Wangapi walirudi wakakuta mtu mwingine anapalilia shamba la baba, naye ana shahidi na wao hawana? Sehemu kubwa ya ardhi yetu inamilikiwa kwa mila, bila hati. Mwekezaji huja na karatasi, ramani na mwanasheria. Mzee wa ukoo huja na kumbukumbu yake na mti uliokuwa mpakani, ambao kwa kawaida umeshakatwa kwa mkaa. Mbele ya afisa wa ardhi, karatasi hushinda.

Lakini sheria imetupa karatasi pia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inaruhusu watu wenye ardhi ya mila kupata cheti cha umiliki wa kimila, na inaruhusu jamii kuunda chama cha ardhi ya pamoja chenye kamati iliyochaguliwa. Tangu mwaka 2023 kuna pia sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu za kale, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1967. Koo zinazoizunguka Dufile zikiwa na chama kilichoandikishwa, mwekezaji atakuwa mpangaji wao. Zisipokuwa nacho, zitakuwa vibarua wa bustani, na watoto wao watakatazwa kushuka mtoni kuchota maji kwa sababu mgeni amelala.

Kwa hiyo kabla ya mchoro wa hoteli yoyote kupokelewa, tunawaomba viongozi wa Moyo na wenzao wa Koboko, Yumbe na Arua wafanye mambo yanayowezekana mwaka huu. Mipaka ya handaki ipimwe na kuwekewa mawe, wazee wa koo wakiwepo na majina yao yakiandikwa. Ufyatuaji wa matofali karibu na tuta ukatazwe, na anayeishi kwa kazi hiyo aonyeshwe sehemu nyingine yenye udongo wa kufaa. Ofisi ya ardhi ya wilaya ipeleke watu wake kijijini na fomu za chama, badala ya kungoja mkulima apande bodaboda hadi mjini mara nne. Nasi walimu tukusanye masimulizi ya wazee tukiwa na daftari, maana waliosikia habari za Wabelgiji kutoka kwa watu waliowaona ni wachache sana sasa, na msimu wa mvua huwa haupiti bila kumzika mmoja wao.