Mwili Wako Haujui Presha Yako

"Mimi mwili wangu naujua." Kauli hii utaisikia kijiweni, msibani, kwenye daladala, hata kwenye benchi la zahanati. Anayeisema ni mtu wa makamo mwenye nguvu zake: anakula, analala, anaamka kwenda kazini. Ukimshauri akapime presha anakujibu kwamba kichwa hakimuumi, moyo haumwendi mbio, kizunguzungu hana, sasa apime nini? Na ikitokea kapimwa akakutwa na 170 kwa 105, atasema mashine ni mbovu, kwa kuwa yeye hajisikii vibaya.

Imani hii ni ya uongo, na inaua. Tumeizoea kiasi cha kuiheshimu kana kwamba ni rai ya mtu mzima anayejua mambo yake. Haistahili heshima hiyo. Presha ya kupanda, kwa walio wengi na kwa miaka mingi, haina dalili yoyote. Anayesubiri kuisikia ndipo apime anasubiri kiharusi.

Sababu imo ndani ya mwili wenyewe. Kwenye mishipa mikubwa ya shingoni, na kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni, kuna vihisio vinavyopokea msukumo wa damu kila moyo unapodunda na kupeleka taarifa kwenye ubongo. Presha ikipanda ghafla, vihisio hivyo vinaagiza moyo upunguze kasi na mishipa ilegee. Lakini ikipanda polepole na kukaa juu kwa wiki na miezi, vinajirekebisha: kiwango kipya vinakihesabu kuwa ndicho cha kawaida. Mwili unaacha kupambana na presha kubwa, unaanza kuilinda. Kuuuliza mwili kama huo hali ya presha yako ni kumtegemea shahidi aliyekwisha kuhongwa.

Huku umetulia, uharibifu unaendelea. Moyo hudunda kama mara 100,000 kwa siku, na kila pigo linagonga kuta za mishipa kwa nguvu iliyozidi. Kuta zinakuwa nene na ngumu. Vichujio vya figo vinakufa kimoja kimoja. Vimishipa vya nyuma ya jicho vinaharibika, misuli ya moyo inanenepa halafu inachoka. Mwanzoni hakuna hata kimoja kinachouma. Siku mtu anapovimba miguu, anapokosa pumzi akilala chali, au anapoamka mdomo umekwenda upande, anachokisikia si presha tena. Ni hasara ambayo presha imekwisha kuifanya.

Wengi wanaamini kwamba kichwa kinachouma ndicho kengele ya presha. Hebu tuangalie kilichopimwa. Huko Nord-Trøndelag, Norway, watafiti waliwafuatilia watu wazima zaidi ya 22,000 kwa muda wa miaka 11 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002. Wale ambao namba yao ya juu ilikuwa 150 au zaidi hawakusumbuliwa na kichwa kuliko wengine. Ukiacha kipandauso, uwezekano wao wa kuumwa kichwa ulikuwa mdogo zaidi, kwa kama asilimia 30, kuliko wa wale waliokuwa chini ya 140. Kwa hiyo anayepima presha kwa kusikilizia kichwa anatumia kipimo kinachoweza kumpa jibu la kinyume.

Na asije mtu akadhani kwamba ujinga huu ni wa maskini wasio na daktari. Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, alikuwa na daktari wake Ikulu. Mwaka 1937 presha yake ilikuwa 162 kwa 98. Mwaka 1941 ilifika 188 kwa 105. Daktari wake, Ross McIntire, aliendelea kuutangazia umma kwamba rais ana afya njema kwa mtu wa umri wake. Machi 1944 daktari kijana wa moyo, Howard Bruenn, alimpima na kukuta 186 kwa 108, moyo umetanuka na umeanza kushindwa kazi. Mwaka huohuo Roosevelt aligombea urais mara ya nne akashinda. Tarehe 12 Aprili 1945, akiwa Warm Springs, Georgia, akichorwa picha, alilalamika kichwa kinamuuma kisogoni, akaanguka. Bruenn alipompima alikuta 300 kwa 190. Alasiri hiyohiyo alifariki, akiwa na miaka 63. Kichwa kilichomuuma siku ile hakikuwa onyo, maana damu ilikuwa tayari inavuja kwenye ubongo.

Roosevelt na madaktari wake walikuwa na udhuru mmoja: wakati ule hapakuwa na vidonge vya kushusha presha vya kutegemewa. Sisi hatuna udhuru huo. Vipo, vingi ni vya siku nyingi na bei yake si ya kutisha, na kazi yake imepimwa mara nyingi. Uchambuzi mkubwa uliojumuisha majaribio mengi, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba kushusha namba ya juu kwa 10 tu kunapunguza hatari ya kiharusi kwa asilimia 27 na ya moyo kushindwa kwa asilimia 28. Dawa chache duniani zina ushahidi wa namna hiyo.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya upimaji uliofanyika Ilala, Dar es Salaam, na wilayani Hai, Kilimanjaro. Katika waliokutwa na presha, waliokuwa wanajijua hawakufika asilimia 20. Waliosema wanapata dawa walikuwa kama asilimia 10. Ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika hata asilimia 1. Miaka michache baadaye, kati ya 2003 na 2006, watafiti walihesabu viharusi vipya katika maeneo ya mikoa hiyohiyo miwili. Baada ya kusawazisha umri, Dar es Salaam ilikuwa na viharusi kama 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kiwango kinachopita cha nchi nyingi tajiri. Jirani zetu nao wana msiba uleule: uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na asilimia 56 hawajawahi kupimwa maishani mwao. Watu hao wote walikuwa wanaijua miili yao.

Imani hii ina ndugu zake, na wote wanakaa nyumba moja. Wa kwanza anasema presha huletwa na mawazo. Ni kweli hasira, hofu na habari mbaya huipandisha, lakini kwa muda, kisha inashuka. Presha inayokaa juu mwaka hadi mwaka inatokana zaidi na umri, urithi, chumvi, unene, pombe, kukaa bila kuushughulisha mwili, na wakati mwingine figo zenyewe. Tazama imani hii inavyotutuma. Kukitokea msiba, ukoo mzima unakaa kikao cha kumficha mzee habari, "msimwambie, ana presha." Watoto waleule wanaomficha mzee habari ya kifo cha ndugu yake hawajui mara ya mwisho mzee alipimwa lini, wala kama vidonge vyake vimebaki. Huo upendo wa kumfichia msiba uhamishieni kwenye kumpeleka kliniki.

Ndugu wa pili ni "presha ya kushuka." Mtu akisikia kizunguzungu, jirani anamwambia alambe chumvi au anywe soda. Hakuna aliyepima. Kizunguzungu kinaweza kuwa upungufu wa damu, sukari, malaria, njaa au maji kupungua mwilini, na anayelambishwa chumvi anaweza kuwa ndiye mwenye presha ya 180.

Ndugu wa tatu ndiye mwovu kuliko wote: "nimepona, nimeacha dawa." Mgonjwa anatumia vidonge miezi miwili, anapimwa, namba imeshuka hadi 128 kwa 80, anafurahi, anaviacha. Mama yangu, shangazi, kaka, tusikilizane hapa. Namba imeshuka kwa sababu dawa ipo. Ukiiondoa, inarudi, na baadhi ya dawa zikikatwa ghafla presha hurudi kwa kishindo. Vilevile kumeza kidonge siku ile tu "unapoisikia" ni kurudi kwenye uongo wa mwanzo, kwa kuwa huisikii.

Najua hoja za upande wa pili, na baadhi zina uzito. Watu wanasema dawa zinawachosha. Wiki za mwanzo inawezekana, na sababu nimekwisha kuitaja: mwili ulishazoea presha ya juu, ikishushwa unaona kama umepungukiwa. Mara nyingi hali hiyo hupita. Wengine amlodipine huwavimbisha miguu, wengine enalapril huwaletea kikohozi kikavu. Malalamiko hayo ni ya kweli na yana jibu: mwambie daktari abadilishe, aina za dawa ni nyingi. Wanaosema vidonge vinaharibu figo wamegeuza mambo. Presha isiyodhibitiwa ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowafikisha watu kwenye mashine ya kusafisha damu. Na wanaume wanaohofia nguvu zao wajue kwamba presha yenyewe huharibu mishipa inayohusika. Kama dawa fulani ndiyo inayoleta tatizo, sema bila haya upewe nyingine.

Kitunguu swaumu, choya na mlonge sina ugomvi navyo vikiwa chakula na kinywaji. Ugomvi wangu ni pale vinapochukua nafasi ya dawa kwa mtu ambaye hata hajapima kuona kama vimemsaidia. Anayedai vinamtosha na apime kila wiki, aandike, atuonyeshe.

Hoja nzito kuliko zote ni ya foleni na fedha. Mtu anapoteza siku nzima ya kibarua kwenda kliniki, anapewa vidonge vya wiki mbili, mara nyingine anaambiwa dawa zimekwisha akanunue dukani. Hapo sitamlaumu mgonjwa. Huo ni wajibu wa serikali na wa wanaosimamia vituo: mashine inayofanya kazi katika kila zahanati, dawa za presha zisizokatika, na vidonge vya miezi miwili au mitatu kwa mgonjwa aliyetulia. Mashine zipelekwe sokoni, stendi, msikitini na kanisani, kwa maana mtu asiyejisikia kuumwa hatakuja hospitali mwenyewe. Lakini madai hayo hatutayasukuma kwa nguvu maadamu wenyewe tunaamini kwamba kipimo hakihitajiki.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu, ila kuna utaratibu wake. Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Kojoa kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, miguu chini bila kukunja nne, mkono uegemee meza usawa wa moyo, na usizungumze. Mkanda uendane na unene wa mkono, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene hukuza namba. Pima mara mbili. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine, kwa sababu wapo ambao presha yao hupanda kwa kuliona tu koti jeupe. Ikibaki juu, hapo una ugonjwa wa kutibu, hata kama jana ulicheza mpira dakika tisini.

Jikoni nako kuna kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa yote: ya kwenye mchuzi, ya mkate, ya vile vipande vya viungo vya supu, ya ng'onda na papa mkavu, na ile unayonyunyizia chipsi kabla hata ya kuonja. Kidumu cha chumvi kiondoke mezani. Tembea, punguza kitambi, punguza pombe. Hayo yanashusha presha kweli, na kwa baadhi ya watu yanatosha. Lakini kama yamekutosha au la, jibu litatoka kwenye mashine, si kwenye hisia zako.

Tubadilishe basi na desturi ya kuulizana. Ukimtembelea baba kijijini, usiridhike na "namshukuru Mungu, sijambo." Muulize presha yake ilikuwa ngapi, na lini. Mke amuulize mumewe, rafiki amuulize mwenzake wa kijiweni. Kila aliyefikisha miaka arobaini na hana namba ya kujibu ana safari ya zahanati wiki hii, na kila aliyepewa vidonge na anajisikia mzima aendelee kuvimeza.