Nyumba ya Kulala Si Mahali pa Kupuliza Jelikoti

Siku hizi mafundi wengi wanatengeneza vitu vya resini na nyuzi za kioo: mashua, beseni, sehemu za gari, hata meza. Kazi inapokaribia kwisha wanaipaka jelikoti isiyo na rangi, ile inayoonekana kama kioo, kusudi kitu king'ae. Kazi hii ni njema, nayo inaleta chakula nyumbani. Neno letu si juu ya kazi yenyewe, ni juu ya mahali inapofanyiwa. Wengine wanafunga milango na madirisha ya saluni kusudi vumbi na wadudu wasiingie, kisha wanawasha kompresa na kupuliza. Usiku watoto wanalala katika chumba kilekile. Tunasema wazi: jambo hili ni baya, tena si la lazima.

Jelikoti ni kitu gani? Ni resini ya poliesta iliyochanganywa na maji makali yaitwayo stireni. Stireni ni karibu theluthi moja ya kopo, mara nyingine hata zaidi, nayo ndiyo inayotoa ile harufu kali. Ukipaka kwa burashi, sehemu ya stireni inapanda hewani. Lakini ukipuliza, jelikoti inapasuka kuwa matone madogo sana kama ukungu, na stireni inatoka kwa wingi kuliko kwa burashi. Unaivuta kifuani, damu inaichukua, inafika katika ubongo. Kwa sababu hii fundi anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, anayumba kama mlevi, naye hakugusa pombe. Akifanya hivi miaka mingi, masikio yake yanaweza kupungua nguvu, na macho yake yanaweza kushindwa kupambanua rangi vizuri. Tena mwaka 2018 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliiweka stireni katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinaleta kansa kwa watu.

Fundi atajibu, “Mimi nimezoea, sisikii harufu tena.” Ndugu, kifua chako hakikuzoea. Ni pua iliyochoka. Stireni ingali katika chumba, ila pua imeacha kukuambia. Na mtoto mchanga aliye upande wa pili wa ukuta, yeye amezoea lini? Angekuwa fundi peke yake anayevuta hewa hiyo tungemwonya mara moja na kumwachia shauri lake. Lakini hayuko peke yake.

Wengine wanajifunga kitambaa puani, au wanavaa kile kinyago cha karatasi kinachotumiwa hospitalini. Kinyago hicho kinazuia mate ya mgonjwa, hakizuii mvuke wa stireni hata kidogo. Mvuke unapita kama hewa ipitavyo. Kinachofaa ni kinyago cha mpira chenye vichujio vya makaa maalum, vilivyoandikwa kuwa ni vya mvuke wa dawa kama hizi, pamoja na kichujio cha kuzuia ukungu. Nacho kinatakiwa kushikamana na ngozi pande zote. Mwenye ndevu nyingi hakimfai, hewa inaingia pembeni. Ukianza kusikia harufu ndani yake, vichujio vimekwisha au kinyago hakikukaa vizuri. Toka nje kwanza, ndipo uangalie. Macho nayo yanataka miwani iliyofungwa pande zote.

Kinyago cha namna hiyo kina bei, tunajua. Basi, asiye nacho aache bunduki ya rangi, atumie burashi nje, penye kivuli na hewa inayopita.

Hapa ndipo mafundi wanapobishana nasi. Wanasema burashi inaacha mistari, na nje kuna vumbi na inzi. Ni kweli. Lakini jelikoti si kama verni nyembamba ya gari. Inapakwa nene, karibu nusu milimita, na baadaye itasuguliwa kwa vyovyote. Mng'ao wake hautoki katika bunduki, unatoka katika msasa. Ikikauka vizuri, sugua kwa msasa wa maji namba 400, halafu 600, 800, 1000, mpaka 1200, kila mara ukifuta alama za ule uliotangulia. Kisha dawa ya kung'arisha, mwisho nta. Inzi aliyenaswa juu anaondoka kwa msasa wa kwanza, na mistari ya burashi vilevile. Mvivu wa kusugua hatapata kioo hata akipuliza kwa kompresa kubwa ya Ulaya. Na usugue kwa maji siku zote, kwa sababu vumbi kavu la jelikoti nalo ni baya kwa kifua.

Kuna jambo linalowadanganya wengi. Tabaka la juu linabaki likinata, kwa sababu hewa inaizuia jelikoti isikauke usoni. Fundi anafikiri dawa ya kukausha ilikuwa kidogo, basi mara ya pili anaongeza nyingi. Hivyo sivyo. Tabaka la mwisho litiwe ile nta ya kuyeyushwa inayouzwa kwa kazi hii, au lifunikwe ili hewa isiliguse. Dawa ya kukausha inabaki kati ya sehemu 1 na 2 katika 100, kama ilivyoandikwa juu ya kopo. Kwa kilo moja ya jelikoti ni gramu 10 mpaka 20 tu. Ikizidi, jelikoti inapata moto, inapasuka na kuwa manjano. Wala usiipunguze ukali kwa esansi au asetoni. Ngojea umande ukauke, na usipake penye jua kali la adhuhuri.

Moto pia ni hatari ambayo watu wanaisahau. Stireni ikifika joto la digrii 31 hivi, inatoa mvuke wa kutosha kuwaka, na joto kama hilo si geni kwetu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa chini sakafuni mpaka kwenye mbabula ya mama anayepika ugali nyuma ya nyumba. Kabla ya kufungua kopo, zima kila moto ulio karibu katika lupango, na mtu asivute sigara. Jelikoti iliyobaki na kuanza kuganda inapata joto kali ndani ya kopo, hata kutoa moshi. Iache nje juu ya udongo mpaka ipoe. Usiitupe katika takataka zenye unga wa mbao.

Lakini kama tungeambiwa tuchague kitu kimoja cha kuogopa kuliko vyote, tungechagua ile chupa ndogo ya dawa ya kukausha. Jina lake ni peroksidi. Ni nyeupe kama maji, na mafundi wana desturi ya kuimimina katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma. Akinywa, inamuunguza koo na tumbo. Msimlazimishe kutapika, kwa sababu itamuunguza tena ikipanda. Mleteni hospitali saa ileile. Tone moja likiingia jichoni linaweza kulipofusha. Hapo usitafute kwanza gari wala munganga: fungua jicho kwa vidole, mimina maji safi bila kuacha kwa dakika 15 au zaidi, ndipo uje, hata kama maumivu yamepungua, maana kidonda chaweza kukua baadaye. Kwa hiyo weka ndoo ya maji safi karibu nawe kabla ya kuanza kazi. Chupa ibaki ileile iliyotoka dukani, yenye karatasi yake, mbali na moto na mbali na mikono ya watoto. Na mgonjwa akiletwa, mje na chupa hiyo pia, ili tusome kilichomo.