Rwanda: Mchango wa pensheni wapanda, waajiri wadogo wapiga hesabu upya

Tangu Januari 2025, kila mwajiri nchini Rwanda aliyewaandikisha wafanyakazi wake katika Bodi ya Hifadhi ya Jamii, RSSB, hulipa mchango wa pensheni ulio maradufu ya ule wa awali. Kiwango cha asilimia 6, ambacho hakikuwa kimeguswa tangu 1962, kilipandishwa hadi asilimia 12, nusu ikitolewa na mwajiri na nusu na mfanyakazi. Kuanzia 2027 kitaongezwa asilimia 2 kila mwaka, mpaka kifike asilimia 20 mnamo 2030.

Kiwango hicho ndicho kilichozungumzwa sana. Kilichopita kimyakimya ni kwamba posho ya usafiri, ambayo zamani iliachwa nje ya hesabu, sasa imo. Tuchukue mfanyakazi wa duka anayelipwa faranga 200,000, ndani yake mkiwa na posho ya usafiri ya 20,000. Zamani sehemu ya mwajiri ilikuwa asilimia 3 ya 180,000, yaani faranga 5,400. Sasa ni asilimia 6 ya 200,000, yaani 12,000. Mwaka 2030, kwa mshahara uleule, itakuwa 20,000. Mwenye wafanyakazi kumi wa namna hiyo atatoa 200,000 kila mwezi, sawa na mshahara wa mtu wa kumi na moja ambaye hayupo.

Kisha kuna mapatano ya mshahara wa mkononi. Mwajiri aliyeahidi kwamba mfanyakazi atapokea kiasi fulani baada ya makato hubeba sehemu zote mbili, yake na ya mfanyakazi, hadi mkataba utakapoandikwa upya. Na ni nani atakayetia saini kwa furaha mkataba unaompunguzia kipato?

Serikali haikukosa sababu. Pensheni ya chini kabisa ilikuwa faranga 13,000 kwa mwezi, fedha zisizomtosha mzee hata kwa chakula. Mwaka 2025 ilipandishwa hadi 33,710.

Wala si kila badiliko la sheria humlemea mwajiri. Kabla ya sheria ya 2016 kuhusu mafao ya uzazi, aliyeajiri mwanamke ndiye aliyegharimia likizo yake, na kwa hesabu ya namna hiyo mwanamke kijana alionekana hasara. Sasa kila mshahara huchangiwa asilimia 0.3 na mwajiri na 0.3 na mfanyakazi, na mfuko ndio unaolipia wiki za mwisho za likizo. Kwa hiyo likizo ilipoongezwa kutoka wiki 12 hadi 14 mwaka 2023, nyongeza hiyo haikumwangukia mwajiri mmoja.

Pensheni haina nafuu hiyo. Anayewaandikisha watu wake hulipa. Jirani yake anayewalipa vibarua kwa siku, bila kuwaandikisha popote, halipi kitu, na bidhaa zao hukutana katika soko moja. Kishawishi cha kumgeuza mfanyakazi wa kudumu kuwa kibarua, au kumwita mshauri wa muda ilhali anaripoti kazini kila asubuhi, kitazidi kadiri kiwango kinavyopanda. Atakayeumia kwanza ni mfanyakazi huyo, kwa kuwa atazeeka bila pensheni.

Mwajiri anayelipa anajulikana tayari, kwa sababu michango hukusanywa na Mamlaka ya Mapato, RRA, na majina yamo katika mitambo yake. Asiyelipa ndiye anayengoja kutembelewa na wakaguzi wa kazi wa wilaya, kabla ya Januari 2027, kiwango kitakapofika asilimia 14.