Miaka Minne Isihukumiwe kwa Majuma Machache

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, yanapotangazwa mwezi wa Januari, nyumba za Nyeri na miji mingine ya Mlima Kenya hugawanyika siku hiyo hiyo. Upande mmoja kuna vigelegele na mwalimu mkuu anabebwa juujuu. Upande wa pili, mzazi wa Mukurwe-ini au Kieni anazima simu asije akaulizwa mwanawe kapata gredi gani. Aibu hiyo si haki yake. Katika mtihani wa 2024, watahiniwa walikuwa 962,512, na waliofikia C+, gredi ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Takriban robo tatu ya vijana wa taifa zima hawawezi kuwa wazembe.

Gredi hiyo haiishii shuleni. Anayetaka kusomea diploma huulizwa C-, na anayetaka kuwa konstebo wa polisi huulizwa D+. Mtu amekwisha kuwa fundi hodari wa magari pale Karatina, ana mke na watoto, lakini kila akiomba kazi ya ajira huanza kwa kueleza alivyofanya hesabu akiwa na miaka kumi na minane.

Uzito huu ndio uliozaa wizi wa mitihani. Mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa udanganyifu. Mwaka uliofuata Waziri wa Elimu Fred Matiang'i alikaza kamba: bodi ya Baraza la Mitihani ilivunjwa, na karatasi zikawekwa katika makontena yenye ulinzi. Gredi za A zikaporomoka kutoka 2,685 hadi 141, na waliopata C+ na kuendelea wakapungua kutoka 165,766 hadi 88,929. Matiang'i alifanya jambo jema, na wanaomlaumu hadi leo wanamkosea. Hata hivyo takwimu hizo ziwashtue watu wazima hasa, kwa maana karatasi haivuji bila mkono wa mkubwa. Mzazi anayechangia fedha za kununua karatasi iliyovuja anamfunza mtoto wake wizi, tena kwa karo.

Je, mtihani ufutwe basi? La. Wanaotaka hivyo wamkumbuke Wangari Maathai, binti wa kijiji cha Ihithe. Alisoma kwa masista wa Mathari, akamaliza mwaka 1956 akiwa wa kwanza darasani, akapata nafasi Loreto Limuru, na mwaka 1960 akapanda ndege kwenda kusoma Marekani. Mwai Kibaki naye, mtoto wa Gatuyaini, Othaya, alipita Mang'u hadi Makerere. Karatasi ya mtihani haikuwauliza baba zao walikuwa na ng'ombe wangapi. Ukiondoa mtihani ukaacha neno la mwalimu mkuu peke yake, mtoto wa mjane atashindana na mtoto wa mwenyekiti wa bodi, na kila mtu anajua nani atashinda.

Kinachotakiwa ni kuupunguzia mtihani mzigo, na njia imekwisha kuonekana. Hata ndani ya KCSE, mwanafunzi wa somo la kilimo hupewa mradi: analima kipande chake, anapanda, anapalilia, na mwalimu anamtia alama hatua kwa hatua. Mtaala mpya umekwenda mbele zaidi. Katika tathmini ya Gredi ya 9 iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, mtihani wa mwisho ulibeba asilimia 60. Asilimia 20 zilitoka kwenye tathmini ya Gredi ya 6, na 20 nyingine kwenye kazi zilizofanywa shuleni. Huo ni mgawanyo wa busara.

Lakini asilimia hizo za shuleni zitakuwa na thamani ya uaminifu wa mwalimu anayeziandika, basi. Mwalimu na aandike alichokiona shambani na maabarani. Asiwajazie wote alama za juu kwa kuogopa shule jirani, wala asimwadhibu kwa kalamu mwanafunzi aliyemjibu vibaya. Waajiri nao wa viwanda vya chai, wa hoteli za Nanyuki, na hata wa serikali ya kaunti, wampe kijana kazi ya kujaribiwa kabla ya kumrudisha na cheti chake.

Wazee wa Nyeri waliona zamani kwamba ufundi nao una thamani yake. Mwaka 1972 wananchi, wakulima wa kahawa wakiwemo, walianzisha Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi ili vijana wapate ufundi. Leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi.

KCSE ya mtaala wa zamani wa 8-4-4 itafanywa mara ya mwisho mwaka 2027, na wanafunzi walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 ndio watakaofuata. Wazazi wao wasingoje hadi Gredi ya 12 ndipo waanze kulalamika. Katika mkutano wa wazazi wa muhula huu wamuulize mwalimu mkuu kazi za darasani zinahifadhiwa wapi, nani anazikagua, na mzazi asiyeridhika na alama apeleke malalamiko kwa nani. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na bodi ya shule itie sahihi.