Nasibu si Kubahatisha: Sampuli Zetu Zikaguliwe

Yeyote aliyewahi kupekua tasnifu katika rafu za idara zetu za Kiswahili ameikuta sentensi hii: "Sampuli iliteuliwa kinasibu." Huandikwa katika sehemu ya mbinu za utafiti, ikasomwa haraka, kisha mwandishi akajiendea zake kwenye uchanganuzi. Ni nadra mtafiti kuulizwa: iliteuliwa kutoka orodha ipi? Kwa chombo gani? Je, mtu mwingine akirudia uteuzi huo atapata mifano ile ile? Ninachelea kwamba aghalabu jawabu la kweli ni hili: mtafiti alifungua kitabu, akapitisha macho, akachukua mifano iliyomvutia. Kitendo hicho si haramu katika utafiti, lakini hakistahili kuitwa cha kinasibu.

Makala haya yana dai moja. Anayetangaza kwamba ameteua sampuli kinasibu anapaswa kuuweka uteuzi wake wazi kiasi cha kuwawezesha wengine kuurudia na kuukagua. Chombo cha kufanyia kazi hiyo kipo tayari, tena hakiuzwi: ni maktaba ya uteuzi wa kinasibu iliyomo katika lugha ya programu iitwayo Python. Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kudhani kwamba mambo hayo ni ya wenzetu wa hisabati na sayansi ya tarakilishi. Dhana hiyo inatugharimu.

Nasibu na Kura

Tuanze na neno lenyewe. "Nasibu" limetujia kutoka Kiarabu, ambako hubeba maana ya fungu au sehemu aliyopangiwa mtu. Katika matumizi ya kila siku limeandamana na bahati, hata "bahati nasibu" ikawa jina la mchezo wa kuwania zawadi. Labda ndiyo maana wengi wetu tunapolisikia hufikiria kubahatisha, yaani kutenda jambo bila mpango. Neno "kura" linatupa mwanga bora zaidi. Kabla ya kuzoeleka katika vituo vya uchaguzi, kupiga kura kulikuwa kuamua jambo pasipo upendeleo: nani aanze zamu, fungu lipi la mali liende kwa nani. Wanaopiga kura ya namna hiyo hukubaliana mapema juu ya vitu vinavyogawanywa na utaratibu wa kuvigawanya, kisha huondoa mkono wa mwanadamu katika uamuzi wenyewe. Uteuzi wa kinasibu katika utafiti ni kura ya aina hiyo. Sharti lake la kwanza ni utaratibu.

Makosa ya Mkono na Macho

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayechunguza miundo ya methali za Kiswahili. Ana mkusanyiko wa methali 1,200 zilizopangwa kialfabeti, naye anataka kuchanganua 50. Akianza ukurasa wa kwanza atakutana na "Aisifuye mvua imemnyea", "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", "Atangaye na jua hujua" na nyingine nyingi za jinsi hiyo. Akitosheka hapo, atahitimisha kwamba methali zetu zimejengwa hasa kwa kishazi cha urejeshi kinachoanzia kwa kiambishi cha nafsi ya tatu umoja. Lau angefika herufi H, angekuta takriri katika "Haba na haba hujaza kibaba" na "Haraka haraka haina baraka". Kwenye herufi M angekuta nomino iliyozalika kutokana na kitenzi, kama katika "Mchelea mwana kulia hulia yeye". Kumbe hitimisho lake lilitokana na mpangilio wa kitabu.

Kamusi nayo ina mtego huo huo. Kwa kuwa nomino huorodheshwa pamoja na viambishi vyake vya ngeli, herufi M hujaa nomino za A-WA na U-I, ilhali herufi K hujaa zile za KI-VI. Mwenye kuchukua herufi moja ili awakilishe msamiati wa Kiswahili atakuwa ameipa ngeli moja au mbili nafasi ambayo hazina katika lugha nzima.

Hatari kubwa zaidi imo katika tafiti zinazogusa jamii. Mtafiti mwenye nadharia tete kwamba methali humdhalilisha mwanamke anaweza, pasipo kukusudia, kuokota methali 30 zinazomdhalilisha na kuziacha zinazomsifu mama. Kisha huandika kwamba methali za Waswahili zina taswira hasi ya mwanamke kwa kiwango kikubwa. Huenda hilo ni kweli na huenda si kweli. Sampuli yake haiwezi kutuambia. Hapa tunatoa hukumu juu ya jamii nzima na urithi wake, na hukumu hiyo itanukuliwa na wanafunzi watakaofuata.

Isidhaniwe kwamba kura ya karatasi kapuni huondoa tatizo daima. Tarehe 1 Desemba 1969, serikali ya Marekani ilipiga kura ya kuamua mpangilio wa kuwaita vijana jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Tarehe 366 za kuzaliwa ziliwekwa kila moja katika kidonge cha plastiki, vidonge vikatiwa chomboni na kutolewa kimoja kimoja. Wanatakwimu walipoyachunguza matokeo waligundua kwamba tarehe za miezi ya mwisho wa mwaka zilielekea kutoka mapema. Vidonge vilikuwa vimetiwa kwa mfuatano wa miezi wala havikuchanganywa vya kutosha. Waliozaliwa Desemba waliubeba uzito wa kosa hilo.

Kinachofanywa na Maktaba

Wanaprogramu huita "maktaba" ule mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambazo mtu huziazima badala ya kuziunda upya. Maktaba ya Python inayotuhusu huitwa "random". Miongoni mwa amri zake, mbili zinamfaa sana mwanaisimu.

Ya kwanza ni "sample", iliyoingizwa katika toleo la 2.3 mwaka 2003. Hupewa orodha na idadi inayotakiwa, nayo hurudisha vipengele vya idadi hiyo bila kuchukua nafasi moja ya orodha mara mbili. Kila methali miongoni mwa zile 1,200 hupata uwezekano sawa wa kuwamo katika 50 zinazoteuliwa, yaani fursa 1 kati ya 24. Orodha ya asili haiguswi. Njia moja inayotumiwa na amri hii ni rahisi kuieleza: hunakili orodha, huchukua kipengele kilichoangukiwa na kura, kisha pengo hujazwa kwa kipengele cha mwisho ambacho hakijateuliwa, na duru inayofuata huwa na kipengele kimoja pungufu. Ukiitaka methali 60 kutoka orodha ya 50, hukataa na kutoa taarifa ya kosa.

Ya pili ni "choices", iliyoongezwa katika toleo la 3.6 mwaka 2016. Hii huteua na kurudisha: kipengele kilichotoka hurejeshwa mahali pake, hivyo kinaweza kutoka tena. Huruhusu pia vipengele kupewa uzito tofauti. Inafaa pale mtafiti anapotaka kuiga jinsi maneno yanavyotokea katika matini, ambamo "na", "ya" na "wa" hujirudia kuliko maneno mengine. Mwenye kuteua methali za kuchanganua asiitumie, asije akahesabu methali moja mara mbili.

Zingatieni jambo moja ambalo mwanafunzi wa lugha ana sababu ya kulielewa kuliko mwanaprogramu. Amri ya "sample" hutofautisha nafasi, haitofautishi maana. Ukiipa orodha ya maneno yote ya riwaya kama yalivyoandikwa, "na" huweza kuteuliwa mara kadhaa, kwani kila tukio lake lina nafasi yake. Ukiipa orodha ya vidahizo pekee, "na" na "ukakamavu" huwa na fursa sawa. Huo ni uamuzi wa kiisimu, na hakuna maktaba itakayotufanyia. Tunapaswa kuufanya sisi na kuutangaza.

Mbegu

Msomaji mwenye mashaka atauliza: mashine inayofuata kanuni itakuwaje na nasibu? Swali hili ni la haki. Tarakimu zinazotumiwa na maktaba hii huzalishwa na mbinu iitwayo Mersenne Twister, iliyobuniwa na Wajapani wawili, Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura, na kuchapishwa mwaka 1998. Mfuatano wake haurudii hadi baada ya hatua ambazo idadi yake huandikwa kwa tarakimu zaidi ya 6,000. Hata hivyo huanzia kwenye thamani moja iitwayo mbegu, na mbegu ile ile huzaa mfuatano ule ule. Kwa sababu hiyo mbinu hii haifai kutengenezea nywila wala siri yoyote, na waandishi wa Python wenyewe wanaonya hivyo.

Lakini kwa mtafiti, kinachoonekana kuwa kasoro ndicho chenye manufaa makubwa. Mtahiniwa akiandika kwamba alitumia mbegu 2407, orodha fulani na toleo fulani la Python, mtahini anaweza kuirudia kura hiyo akiwa ofisini mwake na kuziona methali zile zile 50. Toleo litajwe, kwa maana njia za ndani za amri hizi huweza kubadilishwa. Orodha nayo iwe na mpangilio thabiti. Hadi miaka ya karibuni amri ya "sample" ilikubali kupewa seti, yaani mkusanyiko usio na mpangilio, lakini tangu toleo la 3.11 la mwaka 2022 hukataa. Mbegu moja ikitumiwa kwenye mkusanyiko usio na mpangilio haikuhakikishii sampuli moja.

Mbegu iteuliwe kabla ya kuonekana matokeo. Mtafiti anayejaribu mbegu kumi ili achague sampuli inayoitii nadharia tete yake amerudi kule kule kwenye kuokota kwa macho, ila sasa amevaa vazi la mashine.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba fasihi haihesabiwi. Ninakubaliana nao kwa kiasi. Anayefasiri riwaya moja hahitaji kura. Huteua vifungu kimakusudi, na uteuzi wa kimakusudi ni mbinu halali kabisa. Ninachokataa ni kuuita uteuzi huo wa kinasibu ili kuupamba kwa heshima ya kitakwimu.

Wengine watasema kwamba wanafunzi wengi hawana tarakilishi za kibinafsi. Ni kweli, lakini kazi hii ni ya mistari minne au mitano na humalizika papo hapo kwenye tarakilishi moja ya idara. Kinachochukua muda ni kuandaa orodha kamili, na hiyo ni kazi ambayo mtafiti mwaminifu hawezi kuikwepa hata akitumia karatasi na kapu.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Kura haitibu kasoro ya mkusanyiko wenyewe. Methali zilizomo katika kitabu ziliteuliwa na mhariri wake, na matini za magazeti hutupa Kiswahili cha magazeti. Ukipiga kura ndani ya mkusanyiko uliopinda utapata sampuli iliyopinda vilevile. Kwa hivyo mtafiti aseme wazi kwamba matokeo yake yanahusu mkusanyiko fulani, asiyatandaze juu ya Kiswahili chote.

Hitimisho

Ninapendekeza idara zetu zikubaliane juu ya jambo dogo. Kila tasnifu inayodai sampuli ya kinasibu ieleze mambo manne: orodha iliyotumiwa na idadi ya vipengele vyake, amri ya maktaba, mbegu, na toleo. Orodha yenyewe iwekwe kwenye kiambatisho. Wahadhiri wanaofundisha mbinu za utafiti watenge saa mbili za muhula kwa zoezi hili, nao walifundishe kwa Kiswahili. Mbegu, orodha, kurudisha na kutorudisha ni maneno yetu tuliyokuwa nayo tangu jadi, na yanaitosheleza kazi.

Aidha, tutakapolaumiwa na wenzetu wa taaluma nyingine kwamba tafiti za Kiswahili ni maoni yaliyovishwa istilahi, tutakuwa na jibu la kuwawekea mezani: orodha hii hapa, mbegu hii hapa, tafadhali rudieni.