Msituwekee Geti Kabla ya Kutengeneza Barabara



Kila nikirudi likizo, baba mdogo ananiuliza swali lilelile: "Mwanangu, unamaliza lini uje unisimamie kesi yangu ya shamba?" Nikimwambia namaliza chuo mwaka huu, anafurahi kweli. Anajua nikivaa joho la mahafali, kesho yake naingia Baraza la Ardhi kumtetea. Sina moyo wa kumwambia ukweli wote. Kumaliza LLB siyo kuwa wakili. Baada ya chuo kuna Shule ya Sheria kwa Vitendo, hiyo tunayoiita Law School, iko Dar es Salaam. Mwaka mzima wa masomo na mafunzo kwa vitendo. Ukifaulu ndiyo unapeleka maombi kwa Jaji Mkuu uandikishwe kwenye orodha ya mawakili. Bila hapo, degree yako ni karatasi nzuri ya kutundika sebuleni.

Leo nataka tuongelee hilo geti, kwa sababu kuna watu wanataka kuongeza lingine mbele yake.

Tukumbushane kidogo. Oktoba 2022 matokeo ya Shule ya Sheria yaliwasha moto nchi nzima. Wanafunzi 633 walifanya mtihani. Waliofaulu moja kwa moja ni 26. Waliokula sapu ni 342. Waliodisko ni 265. Yaani katika kila watu 100, waliotoka salama kwa mara ya kwanza ni wanne tu. Waziri wa Katiba na Sheria wakati ule alikuwa Dk. Damas Ndumbaro, ambaye pia alikuwa mbunge wa hapa Songea Mjini. Akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza tatizo. Tangu sakata lile, mjadala wa Shule ya Sheria ukifufuka tu, wazo la mtihani wa kuingia linarudi mezani: watu wapimwe kwanza, wasiofaa wabaki nje.

Mimi sipingi wazo hili kwa sababu tu limetoka upande wa pili. Tuwe wakweli. Mtihani wa kuingia una hoja nzuri nyuma yake. Hivi ilivyo, mtu anauza mahindi ya baba yake, analipa ada, anapanga chumba Dar, anakaa miezi, halafu anadisko. Kama kuna njia ya kumwambia mapema kwamba bado hajawa tayari, hiyo ni huruma. Pesa ya familia inabaki nyumbani. Anajipanga, anarudi mwakani. Hiyo naikubali.

Nachokataa ni hiki: kumpima mtoto mlangoni wakati aliyemwandaa vibaya haulizwi kitu. Wale 633 hawakuokotwa barabarani. Wote walikuwa na shahada za sheria kutoka vyuo vilivyopewa ithibati na serikali hii hii. Miaka kadhaa walikuwa wanafaulu. Transcript zao zina A na B. Sasa mtu mwenye B ya mwenendo wa mashauri ya madai anafika Shule ya Sheria hajui kuandika hati ya madai. Nani kamdanganya mwenzake? Ukiweka mtihani mlangoni na ukaishia hapo, unachofanya ni kuhamisha aibu. Badala ya kusikia "265 wamedisko", hatutasikia chochote, kwa sababu watakuwa wameachwa nje kimyakimya. Takwimu zitapendeza. Wanafunzi watakuwa walewale.

Na sisi tunaotoka mbali tutaumia zaidi. Kutoka Songea hadi Dar ni zaidi ya kilomita 900. Unapanda basi alfajiri stendi ya Shule ya Tanga, unashuka Mbezi usiku miguu imevimba. Kama huo mtihani utafanyika Dar, mtoto wa Ubungo ataamka, atakunywa chai, atapanda daladala. Mtoto wa Namtumbo atatafuta nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, na siku mbili tatu za kujilisha, yote hayo kwa mtihani ambao hata hajui kama atafaulu. Mtaani kwetu Mfaranyaki kuna dada ana LLB, ana akili kuliko mimi, leo ni wakala wa pesa za simu. Hakushindwa mtihani wowote. Alishindwa nauli, chumba na ada. Yeye alishafungiwa geti kabla halijajengwa.

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Bodi ya Mikopo imeanza kutoa mikopo kwa wanafunzi wa Shule ya Sheria. Hilo ni jema na lazima tuliseme, tusiwe watu wa kupinga hata mvua. Ila mkopo unakuja ukishaingia. Gharama ya kufika mlangoni bado ni ya mama na mbuzi wake.

Halafu kuna suala la lugha. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Tulishangilia wote. Baba mdogo atasikiliza kesi yake ya shamba kwa lugha anayoielewa. Lakini sisi tutakaomtetea tunafundishwa na kupimwa kwa Kiingereza. Unaweza kuijua hoja vizuri kabisa, ukaiangusha kwa sababu ya sentensi. Sisemi Kiingereza kifutwe, maana hukumu nyingi tunazozitegemea zimeandikwa kwa Kiingereza na wakili lazima azisome. Nasema kama mahakama inazungumza Kiswahili, mtihani wa kumwingiza mtu kwenye kazi ya mahakama uwe na nafasi ya Kiswahili pia. Vinginevyo tunapima shule ya msingi uliyosoma, hatupimi sheria.

Kuna kamanda atauliza: haya ya Law School yanawahusu nini vijana wa chama? Kura zinaibwa, wewe unaongelea mitihani!

Yanatuhusu sana, na mkoa huu ndiyo wa kwanza kujua. Tarehe 9 Aprili 2025 Mwenyekiti Tundu Lissu alikamatwa Mbinga, hapa hapa kwetu Ruvuma, baada ya mkutano wa hadhara. Kesho yake akasomewa shtaka la uhaini Kisutu. Juni mwaka ule ule akaiambia mahakama kwamba atajitetea mwenyewe. Aliweza kusema hivyo kwa sababu ni wakili, tena aliwahi kuchaguliwa Rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika mwaka 2017. Sasa jiulize kuhusu kijana wa bodaboda wa Mbinga ambaye jina lake haliandikwi gazetini. Akikamatwa leo usiku, nani anamfuata kituoni? Nani anamwambia ana haki ya kukaa kimya? Tuna Mahakama Kuu hapa Songea, jengo lipo, majaji wapo. Kinachokosekana ni mawakili wa kutosha wanaotoka kwetu na kubaki kwetu. Kesi ikiwa kubwa tunaanza kuchangishana kumleta mtu kutoka Dar.

Mji huu una kumbukumbu yake. Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Majimaji hapa, na kila mwaka tunakwenda makumbusho kuweka mashada. Walihukumiwa na mahakama ya waliowashinda, kwa sheria ya waliowashinda. Tunapoimba habari zao, tukumbuke na hilo.

Kwa hiyo madai yangu ni manne, na naomba chama kiyabebe.

Kwanza, kabla ya mtihani wowote wa kuingia, matokeo ya Shule ya Sheria yatangazwe kwa kila chuo. Tujue chuo fulani kilipeleka wangapi, wangapi walifaulu, wangapi walidisko. Mzazi achague akijua. Chuo kinachoshindwa miaka mitatu mfululizo kijieleze kwa TCU.

Pili, kama mtihani utakuwepo, ufanyike mikoani. Baraza la Mitihani linafanyisha kidato cha nne hadi vijijini, siku moja, nchi nzima. Haiwezi kushindikana kwa watu wachache wenye degree.

Tatu, mtihani uwe na mitaala iliyo wazi, mitihani iliyopita itolewe bure, na mtu aweze kujibu kwa Kiswahili au Kiingereza. Anayeshindwa aonyeshwe alipokosea na aruhusiwe kurudia.

Nne, Shule ya Sheria isogee kwa wananchi. Majirani zetu Uganda wana chuo cha aina hii, LDC ya Kampala, na kimefungua matawi Mbarara na Lira. Wao pia waliwahi kuweka mtihani wa kuingia, baadaye wakaufuta. Tujifunze kwao kabla hatujarudia safari waliyogeuza njiani. Nyanda za Juu Kusini tunastahili tawi.

Hayo ni ya serikali. Sasa ya kwetu, maana siyo kila sapu ni kosa la CCM.

Wengi wetu tunasoma kwa madesa. Tunakariri notsi za mwaka juzi, tunamwaga kwenye mtihani, tunasahau. Boom likiingia tunabeti, likiisha tunalalamika. Shule ya Sheria haikuulizi tafsiri ya neno. Inakupa faili la mteja na kukwambia fanya kazi. Kama uko mwaka wa pili au wa tatu, anza leo, mtihani wa kuingia uwepo usiwepo.

Zisome sheria zenyewe, usiishie kwenye notsi: Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, Ushahidi, Sura ya 6. Hukumu zipo bure TanzLII, bando la siku moja linatosha kupakua za mwezi mzima. Chagua moja kwa wiki, andika ukurasa mmoja: nani alimshtaki nani, mahakama iliulizwa nini, ikajibu nini, kwa nini.

Nenda mahakamani ukakae. Mahakama ni ya wazi, hakuna kiingilio. Likizo iliyopita nilikaa siku nne mahakamani hapa mjini, nimejifunza kuhusu pingamizi kuliko semista nzima. Andika hati ya madai, andika kiapo, mpe mwenzako aichane, nawe uichane ya kwake. Kundi la watu wanne linatosha. Msiogope kuchekana.

Na nyaraka zako ziweke sawa mapema. Jina la cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita na la degree yafanane. Nimeona mtu anahangaika wiki nzima kwa herufi moja iliyozidi kwenye jina la ukoo, dirisha la maombi likafungwa akiwa bado yuko kwenye foleni. Fuatilia transcript mara tu ukimaliza, usisubiri mahafali.

Wenyeviti wa vijana wa wilaya, nanyi nina neno. Kila jimbo lina vijana wawili watatu wenye LLB ambao wamekwama. Tunachangia mafuta ya gari la matangazo, tunachangia fulana. Tuchangie na nauli ya kamanda mmoja kwenda Shule ya Sheria, kwa makubaliano kwamba akirudi atawasimamia watu wetu. Wanasheria waliokwama wanaweza hata sasa kuwafundisha wenzao haki zao wakikamatwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, kuna utaratibu wa mafunzo na usajili. Tuutumie.

Mimi mwakani nitaomba. Nikikuta geti moja nitabisha, nikikuta mawili nitabisha mawili. Lakini nataka nikipita, yule dada wa Mfaranyaki awe nyuma yangu kwenye foleni, na mtoto wa Namtumbo nyuma yake. Baba mdogo nimemwambia asubiri kidogo. Amenijibu kwamba shamba halitasubiri, jirani anaendelea kusogeza mpaka.

Nguvu ya Umma!