Na Lile Deni Lililipwa?

Wako miongoni mwetu watu wa pwani wanaoona haya Utengano ikitajwa mbele ya wageni. Kitabu hiki cha Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, kilitoka mwaka 1980, kisha kikapata kusomeshwa katika sekondari za Kenya kwa ajili ya mitihani. Basi kijana wa bara ambaye hajapata kuiona bahari humjua Bwana Maksuudi kabla ya kumjua jirani yangu yeyote: tajiri mwenye heshima zake mbele za watu, anayewafungia ndani mkewe Tamima na bintiye Maimuna, naye huko nje ana yake. Husemwa kuwa tumeanikwa. Kauli hiyo siikubali, na sababu yangu nimeipata mbali na pwani, Kebirigo, huko Nyamira, kwenye vilima vya majani chai.

Kebirigo nina rafiki, mwalimu mstaafu, Mgusii, Msabato asiyekosa kanisa. Tukikutana hatuna habari ya siasa wala bei ya sukari. Ni vitabu na sinema mpaka taa izimwe. Mimi humsifia Muhammed Said Abdulla na Bwana Msa wake wa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960. Yeye hunijibu kwa Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, na kila mara hunikumbusha kuwa ni mtu wa bara aliyemzaa kwa kalamu yule kijana wa Tanga, ilhali sisi wenye Tanga tulikuwa tumelala. (Kwa hilo sina jawabu.)

Siku moja nikamwuliza waziwazi kama Maksuudi hamfanyi awadharau watu wangu. Akacheka. "Shekhe, Maksuudi wa hapa havai kanzu. Amevaa tai, na kanisani hukaa kiti cha mbele." Akanieleza alivyokuwa akikisomesha kitabu kile. Mtihani ulitaka maudhui na wahusika, lakini wasichana wa viti vya nyuma walitaka kujua kama Maimuna angeweza kurudi kwao akapokewa. Walikuwa wakiuliza habari za majumbani mwao, na mwalimu hakuhitaji kuambiwa.

Nami nikalipa kwa sinema. Sisi tuliokulia Mombasa tulizisikia sinema za Kihindi kabla ya kuziona: mjomba mwenye pesa ya tikiti huingia, akitoka huisimulia barazani, na nyimbo juu yake. Hivyo ndivyo nilivyoipokea Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, na hivyo ndivyo nilivyoifikisha Kebirigo: Nargis akivuta jembe la ng'ombe kwa mabega yake, mkopeshaji akichukua robo tatu ya mavuno kuwa riba ya rupia 500, na mwisho mama yule akimpiga bunduki mwanawe wa kumzaa kwa kulinda heshima ya binti wa kijiji. Mwalimu alikuwa akimtafsiria mkewe kwa Kigusii. Nilingojea machozi, maana kwetu akina mama huanza kulia hapo. Bibi yule aliuliza swali moja tu: "Na lile deni lililipwa?"

Yeye ni mkulima wa chai. Mbolea huichukua kwa mkopo, ikakatwa katika malipo ya majani. Miaka arobaini nimeisikia hadithi ile ikisimuliwa kuwa ni ya mama na mwana, wala hapana aliyepata kuuliza habari za deni. Na ni sisi tuliofundishwa chuoni, tungali watoto, kuwa riba ni haramu.

Mazungumzo ya namna hii naona yanapungua kwetu. Twajisifu kuwa Kiswahili ni chetu, walakini riwaya zilizomo majumbani aghalabu ni zile za mtihani, zimepigwa mistari ya penseli, na mtihani ukipita huishia kufungia njugu. Sinema nazo, kila mtu aitazama peke yake kwenye simu, nyaya masikioni. Akiipenda, hana wa kumbishia.

Nakala yangu ya Mzimu wa Watu wa Kale iko Kebirigo mwaka wa tatu sasa. Mwalimu humsomea mkewe jioni, kurasa mbili tatu. Sijaidai. Mwezi ujao, inshallah, nawapelekea Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya 1972, nipate kusikia bibi yule atauliza nini.